Kisomo cha Simu kwa Wazazi wa Bunda

Kabla hujamnunulia mama yako simu nyingine, na kabla hujamwambia kwa mara ya kumi abonyeze kile cha kijani, mfikirie kwanza yeye mwenyewe unayetaka kumfundisha. Mzee wa miaka 75 hivi anayeishi Nyamuswa, Kibara au Kunzugu si mgeni wa kujifunza jambo jipya ukubwani. Mwaka 1968 Tanzania, kwa msaada wa UNESCO na Umoja wa Mataifa, ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, na mikoa iliyochaguliwa ilikuwa hii inayozunguka Ziwa Victoria: Mara, Mwanza, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ulipomalizika, Mwalimu Nyerere alitaja sehemu sita ambazo zingefuta ujinga wa kutojua kusoma ndani ya mwaka uliofuata, na Ukerewe ikawa mojawapo. Ni ng'ambo tu ya maji, ukisimama kivukoni Kisorya unaiona. Sensa ya 1967 ilikuwa imekuta watu wazima wapatao wawili katika kila watatu hawajui kusoma wala kuandika. Miaka kumi baadaye, kwa hesabu za serikali, waliobaki walikuwa kama robo. Waliokaa kwenye yale madarasa ya chini ya mwembe jioni, baada ya kutoka shamba au ziwani, ndio hao tunaowaita leo "wazee wasiojua simu".

Siri ya kisomo kile haikuwa ukali wa mwalimu wala uzuri wa ubao. Mkulima wa pamba alisomea kitabu kinachozungumzia pamba, mvuvi akasomea habari za uvuvi, mfugaji akasomea za ng'ombe. Neno la kwanza alilolisoma mtu lilikuwa jina la kitu alichokishika kila siku, na herufi zilikuja nyuma ya kitu hicho, zikivutwa nacho. Sisi leo tunafanya kinyume. Tunamwekea mzee simu mkononi na kuanza kumweleza simu: hii ni menyu, hapa ni mipangilio, hapa unawasha data. Tunamfundisha herufi bila pamba. Akishindwa tunasema umri umempita, ilhali kilichoshindwa ni ufundishaji wetu. Ushauri wote utakaoufuata hapa unatokana na jambo hilo moja: anza na haja ya mzee, na simu uifundishe kwa kadiri tu haja hiyo inavyodai. Hata M-Pesa yenyewe ilikua kwa njia hiyo. Nchini Kenya ilijaribiwa kuanzia mwaka 2005 kama njia ya watu kulipa mikopo midogo, lakini watumiaji wakaigeuza kuwa njia ya kumtumia ndugu hela, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilinadiwa kwa kazi hiyohiyo ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Hakuna aliyewapeleka wale watu shule ya M-Pesa. Walikuwa na haja, wakaikimbilia njia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji simu kabisa. Kaa na mzazi wako siku mbili tatu, umsikilize analalamikia nini na anamtuma mjukuu kufanya nini. Mmoja anataka kusikia sauti ya binti yake aliyeolewa Tarime, basi. Mwingine anataka kujua kama hela ya dawa imeingia bila kumngoja mtu wa kumsomea meseji. Yupo anayechoka kukaa gizani kwa sababu namba za LUKU ni tarakimu 20 na macho yanachanganya mistari. Mkulima anataka taarifa za mbolea ya ruzuku, maana tangu utaratibu huo uanze mwaka 2022 usajili wake umefungwa na namba ya simu. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF huenda inalipwa kwa simu. Na vijiji vilivyo mpakani mwa Hifadhi ya Serengeti vina haja ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuiwaza: tembo wakiingia shambani usiku, mwenye shamba anatakiwa kumpigia mwenyekiti wa kitongoji au askari wa wanyamapori mara moja, kabla mahindi hayajaisha. Chagua haja moja kati ya hizo, ile inayomuuma zaidi, na uifundishe hiyo tu mpaka aimudu. Kama ni kupiga simu, usiguse habari ya meseji. Kama ni kuangalia salio la hela, usimwonyeshe picha za wajukuu siku hiyohiyo, hata kama wewe ndiye unayezifurahia.

Wapo watakaosema kazi yote hii ya nini, nyumba haikosi kijana, mzee amwite tu mjukuu. Hoja hii ina uzito wake. Kusaidiana ndani ya familia ndio utaratibu wetu, na hakuna ubaya mzee kusaidiwa. Lakini angalia mjukuu yuko wapi saa zile haja inapotokea. Asubuhi yuko shule, Jumamosi yuko mnadani au ziwani, na akimaliza kidato cha nne anaondoka kwenda Mwanza. Halafu kuna mambo ambayo mtu mzima hapaswi kusomewa na mtoto: deni, ugonjwa wa sehemu za siri, ugomvi wa mirathi, ujumbe wa mganga wa hospitali. Mzee ambaye kila meseji yake inasomwa na mtu mwingine kwanza amepoteza sitara yake, na huko kwetu mtu mzima bila sitara anaona aibu kubwa asiyoweza kuisema. Ndiyo maana wengi wao huacha tu simu izime chaji na kusema hawaitaki. Mwaka 1964, alipokuwa akilieleza taifa mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Nyerere alitoa hoja kwamba watu wazima waelimishwe kwanza, kwa sababu matunda ya kusomesha watoto yangechukua miaka mingi kuonekana. Hoja hiyo inafaa hapa pia. Mjukuu atakuja kulijua la kwake, lakini mzee analo jambo la kufanya leo jioni.

Kabla ya kufundisha, shughulikia mwili. Hapa ndipo lawama nyingi huangukia mahali pasipostahili, kwa sababu ugumu wa jicho au kidole huonekana kama ugumu wa kichwa. Kuanzia miaka ya arobaini jicho la binadamu hupoteza uwezo wa kuona vizuri vitu vya karibu, na mtu anayemtambua ng'ombe wake upande wa pili wa bonde anaweza asione tarakimu zilizo mkononi mwake. Miwani ya kusomea huondoa tatizo hilo. Kama ukungu unabaki hata akivaa miwani, mpeleke akapimwe, huenda ni mtoto wa jicho, nao huondolewa kwa upasuaji. Sikio la uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo ule mlio mkali wa filimbi uliomwekea hausikii. Mwekee mlio mzito wenye ngoma. Kuhusu vidole, kioo cha simu janja hakipimi nguvu ya kubonyeza, kinahisi umeme mdogo unaopita kwenye ngozi. Kidole kilichoota sugu kwa jembe na kamba za nyavu ni kikavu, na kioo huenda kisikihisi. Mzee akiona simu haijibu anabonyeza kwa nguvu na kwa muda mrefu zaidi, na simu inalitafsiri hilo kama amri nyingine: alama za programu zinaanza kuhama, au anaulizwa kama anataka kufuta kitu. Kwa macho yake, simu ina kichaa. Mfundishe kugusa kama anayepima joto la uji, apanguse kidole kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nawe ingia kwenye mipangilio ya usaidizi uongeze muda wa kugusa na kushikilia. Dakika tano za kazi hiyo huzidi masomo ya wiki.

Swali la simu ipi halipaswi kuchukua muda mrefu. Kama haja ni kupiga, kupokea na hela, kitochi chenye vitufe vikubwa kinatosha: kinakaa na chaji kwa siku kadhaa, kina tochi, kikianguka kinaokotwa. Vitufe vina faida nyingine isiyosemwa sana, kwamba kidole huvikumbuka hata gizani. Kama haja ni kuona uso wa mtoto aliye Oman au kusikia ujumbe wa sauti, hapo simu janja inastahili gharama yake. Usimpe ile yako ya zamani iliyopasuka kioo na kujaa takataka. Mwanafunzi mgeni hapewi ubao mchafu. Ukimpa simu janja, isafishe kwanza. Ondoa programu zote asizozihitaji, kuza maandishi mpaka wewe uone yamezidi, ongeza muda wa kioo kubaki na mwanga, weka lugha ya Kiswahili, na kwenye ukurasa wa mbele acha sura za watu wanne au watano anaowapigia. Kisha usibadilishe tena mpangilio huo. Mzee anaijua simu kama anavyoijua njia ya kisimani, kwa kona na miti yake, na ukihamisha mti mmoja umempoteza.

Sasa kufundisha kwenyewe. Sheria kubwa ni simu ikae mkononi mwake tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi watoto tuna tabia ya kupokonya, "lete nikuonyeshe", tukabonyeza mara sita kwa kasi na kumrudishia tukisema umeona. Hajaona kitu. Weka mikono yako nyuma kama ikibidi, na uzungumze polepole, afanye yeye, akosee yeye, arudi yeye. Somo la kwanza la kitufe liwe kile cha kurudi nyuma au cha kukata, kwa sababu anayejua njia ya kutoka haogopi kuingia. Hofu kubwa ya wazee wengi ni kuharibu kitu cha bei au kukata salio, kwa hiyo mwonyeshe waziwazi kwamba kwenye kitochi hakuna kitufe kinachoua simu, na kwamba hela haiwezi kuondoka bila namba ya siri. Fundisha kwa dakika kumi na tano, asubuhi kabla ya jua kali, si jioni mbele ya wageni. Chunga pia heshima ya maneno. Baba aliyekaa kwenye baraza la ukoo akaamua kesi za mahari hatavumilia kuambiwa "si nilishakwambia jana" mbele ya wakwe. Sema "baba, tujaribu tena", ukae chini yake kama unavyokaa ukipewa nasaha. Mpe daftari lake, aandike mwenyewe hatua kwa maneno yake, maana "bonyeza pale penye kinyumba" aliyoiandika yeye itamfaa kuliko maelezo mazuri uliyoyaandika wewe. Na kama kuna jirani wa rika lake anayeiweza simu, mwombe aje. Watu wa rika moja husahihishana kwa vicheko pasipo aibu, jambo ambalo mtoto na mzazi hawawezi kufanyiana.

Kizuizi kinachotajwa mara nyingi ni kwamba mama hajui kusoma, au anazungumza Kijita, Kiikizu au Kikurya na Kiswahili chake ni cha sokoni. Kinatatiza kweli, ila hakifungi njia. Huko Kinyasini, Unguja, chuo cha Barefoot kimewafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao akina mama na mabibi wasio na elimu ya darasani, kuunganisha na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Wanajifunza kwa rangi, kwa macho na kwa kurudia kwa mikono. Mtu anayeweza kulehemu nyaya bila kusoma anaweza kutambua picha ya mwanawe kwenye kioo. Kwenye kitochi, weka namba za watoto kwenye kupiga haraka: mbili ni wa kwanza kuzaliwa, tatu wa pili, nne wa tatu. Mama hasahau mpangilio huo. Kwenye simu janja, ujumbe wa sauti haudai herufi hata moja na unapokea Kijita sawasawa na Kiswahili. Tarakimu nazo si sawa na herufi. Mama aliyeuza dagaa kwa miaka thelathini anazijua noti na hesabu kuliko wewe, na akishazoea umbo la namba 0 hadi 9 njia nusu imekwisha.

Somo la hela ndilo gumu, na ndilo watu wanaloliogopa: eti ukimfundisha mzee kutumia pesa kwa simu umemweka mdomoni mwa matapeli. Tazama hali ilivyo kwa asiyejua. Anampa wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, watu watatu nyuma yake wakisikia. Namba hiyo imeandikwa nyuma ya simu kwa kalamu. Akiambiwa salio halitoshi anaamini, kwa kuwa hana njia ya kuhakikisha. Asiyejua ndiye aliye hatarini zaidi, na kila hatua anayojifunza inampunguzia hatari moja. Anza na kuangalia salio, jambo lisiloweza kumpotezea hela: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*01# kwa iliyokuwa Tigo Pesa na sasa ni Mixx. Arudie hilo kila siku kwa wiki nzima mpaka namba ya siri ikae kidoleni. Menyu hujikata ukichelewa, na wazee huchelewa. Mwambie mapema kwamba ikikatika hakuna kilichopotea, anaanza upya. Kisha nenda naye kwa wakala, usimame mbali, atoe shilingi 2,000 mwenyewe. Namba ya wakala aombe iandikwe kwenye karatasi, alinganishe jina linalotokea na lile lililo ukutani kabla ya kuweka siri. Nawe usiitake namba yake ya siri. Ikiwa familia inaona lazima mtu wa pili aijue, achague mzee mwenyewe ni nani.

Angalia pia laini ni ya nani. Usajili kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zilipoanza kufungwa Januari 2020, alama za vidole vilivyolika kwa kazi zilikuwa ngumu kusomeka na wengine hawakuwa na namba ya NIDA, wakasajiliwa kwa jina la mtoto au jirani. Kwa kampuni ya simu, mwenye laini ni yule mwenye jina, na hela iliyomo ni yake. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi wako, na kama yake haimo, mpeleke kwa kampuni ikarekebishwe angali na nguvu. Juu ya matapeli, usimfundishe orodha ndefu ya hila zao, zitabadilika kesho. Mpe kanuni mbili. Ya kwanza, hakuna mtu yeyote anayeuliza namba ya siri kwa nia njema, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni. Ya pili, jambo lolote la hela linalokuja kwa meseji linajibiwa kwa kupiga simu kwa mtu anayemjua, kwa namba iliyokuwemo tangu zamani. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" imewakamata watu kwa sababu huwakuta wakati kweli kuna hela wanayodaiwa, wakidhani ni mtoto wao anawakumbusha. Mzee aliyezoea kupiga ili ahakikishe sauti hatakamatwa nayo. Namba ya tapeli itumwe 15040, ambako TCRA hupokea taarifa hizo, na akikosea kutuma hela apige 100 palepale, asingoje mpaka wewe utoke kazini.

Ukiwa mbali, kama wengi wetu tulivyo, kazi yako inakuwa ni mazoezi. Udhaifu uliokuja kuonekana wa kile kisomo cha zamani ni kwamba wengi waliofaulu walisahau kusoma baadaye, kwa kuwa vijijini hapakuwa na kitu cha kutosha cha kusoma. Magazeti ya vijijini yalianzishwa kwa sababu hiyo, na Kanda ya Ziwa ilikuwa na lake, Elimu Haina Mwisho. Simu nayo husahaulika vivyo hivyo. Usiwe wewe unayepiga siku zote. Panga siku ambayo mzazi ndiye anapiga, Jumapili baada ya kanisa kwa mfano, na umwekee salio la kufanyia hivyo. Akikubipu, mpigie, lakini siku yake mwache apige mpaka mwisho. Hela ya matumizi igawe mara mbili badala ya kuituma yote kwa pamoja, ili apate nafasi mbili za kuangalia salio na kwenda kwa wakala. Ukirudi nyumbani usianze kwa kusahihisha mipangilio; muombe akuonyeshe anavyofanya, utaona mahali anapokwama na pengine njia aliyoibuni mwenyewe, ambayo ni nzuri kuliko yako. Na kwa kuwa chaji huisha na simu huibwa stendi, andika namba tano muhimu kwa kalamu nzito kwenye karatasi, zako zikiwa za kwanza, kisha uibandike ukutani karibu na kalenda, kwa urefu ambao mama anaweza kuusoma akiwa amekaa.